Saratani ya utumbo ikifika kwenye ini
Pole kwa mzee, dada. Umeuliza kama sasa ana saratani mbili, ya utumbo na ya ini. Hapana, ni ileile. Damu inayotoka utumbo mpana hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo, kwa hiyo seli za saratani zilizobanduka hunasa huko. Hata zikishaota ndani ya ini, ukizitazama kwa hadubini bado zina sura ya utumbo: zimejipanga kuzunguka vitundu kama tezi za kule zilikotoka. Ndiyo maana anapewa dawa za saratani ya utumbo.

Namna ya kukua ndiyo inatofautiana. Uvimbe mwingine huzungukwa na ukuta wa kovu gumu unaoutenga na ini, nao hujiotesha mishipa mipya ya damu. Mwingine hauna ukuta: seli zake huzitoa seli za ini na kukaa pale pale, kama mpangaji aliyehamia nyumba yenye bomba tayari, maana hutumia mishipa iliyokuwepo. Huu wa pili ndio mkorofi zaidi, na dawa za kuzuia mishipa mipya, kama bevacizumab, mara nyingi haziuwezi sana. Mtu mmoja anaweza kuwa na zote mbili.

Kwamba hasikii maumivu kusikudanganye. Ini huanza kuuma utando wake wa nje unapotanuka. Muulizeni daktari kama uvimbe unaweza kukatwa: sehemu ya ini yenye afya ikibaki ya kutosha, ini hukua tena.