Jibu: Kwa nini tahajia ya Kiingereza haifuati matamshi

Mkuu, umeuliza kwa nini "knight" ina k na gh zisizosomwa. Zamani zilisomwa. Enzi za mshairi Mwingereza Chaucer, karne ya 14, neno hilo lilitamkwa karibu na "knikht", kh ikisikika waziwazi.

Kilichovuruga ni muda. William Caxton alianzisha uchapaji wa vitabu Westminster, Uingereza, mwaka 1476, na tahajia ikaanza kukazwa wakati matamshi bado yanahama. Kati ya takriban 1400 na 1700 irabu ndefu zote zilibadilika: "time" ilikuwa "tiime" ikawa "taim", "house" ilikuwa "huus" ikawa "haus", "name" ilikuwa "naame", leo "neim". Ile k kabla ya n nayo ikanyamaza kufikia karne ya 18. Maandishi yakabaki palepale.

Ila usidhani kila herufi bubu ni masalio. "Debt" ilitoka Kifaransa bila b, ikaandikwa "dette". Wasomi waliichomeka b baadaye ili ifanane na Kilatini "debitum". Hiyo haikutamkwa kamwe katika Kiingereza! Kwa hiyo angalia kwanza asili ya neno: kn na wr za mwanzoni kwa kawaida ni sauti halisi za Kiingereza cha kale zilizokufa.