Mnamaliza mkia? Anzeni kwa kupunguza kelele

Ssebo, umeuliza mbona nyie wanne mnamaliza mkia kila shindano la mashua za tanga la klabu hapo Kaazi, kando ya Ziwa Victoria Uganda, na mashua ni nzima. Sisi pia tulianza hivyo hivyo, wote manahodha, tukibisha, yaani kugeuza mashua ili upepo uje upande wa pili, kila mtu anapiga kelele yake, tanga la mbele linanasa kwenye mlingoti, tunabaki kusimama kama gugu maji. Mmoja ashike usukani, mwingine aangalie saa tu, maana ile honi ya dakika 5 kabla ya kuanza mkiizembea ndo basi tena. Asubuhi msijichoshe, upepo wa ziwani unaamka mchana. Na ukipigwa na upepo kutoka kushoto mpishe anayeupata kulia, mimi nilijifanya mbishi nikachubua ubavu wa mashua ya watu, pesa ilinitoka wallahi.