Jibu: Gari linagonga likikata kona

Mkuu, umesema linagonga kwenye kona tu, barabara iliyonyooka kimya. Anza na sivi jointi ya nje, yaani kiungio cha ekseli kilicho upande wa gurudumu. Kata usukani hadi mwisho, kanyaga mafuta taratibu: ikilia ka-ka-ka kufuata mwendo wa gurudumu, ndiyo hiyo. Raba yake inayofunika grisi ikipasuka, grisi hutapakaa upande wa ndani wa rimu. Jointi iliyokwisha kulia haiponi kwa grisi mpya, badilisha, na nati ya ekseli iwe mpya.

Kama ni "gong" moja ukizungusha usukani gari limesimama, shuku mauntingi ya shokapu, kile kishikizo cha juu kinachoifunga shokapu kwenye bodi. Springi utaiona ikijikunja kisha inaruka.

Boli jointi nayo, kile kiungio cha duara kinachoshika gurudumu kwenye mkono wa chini, usiiache. Piga jeki, weka stendi, tikisa gurudumu juu na chini. Likicheza, ni yenyewe au beringi. Boli jointi iliyolegea usiendeshee, ikichomoka gurudumu linalala.