Jibu: Nguva anayetoka baharini kwa mawimbi ya kinyume

Dada uliyeuliza jinsi ya kupiga tukio la nguva kutupwa ufukweni pale Shela, Lamu: mbinu unayoitaka imo katika At Land ya Maya Deren, mtengenezaji filamu wa Marekani (1944), filamu ya dakika 15 hivi, bila sauti. Mawimbi yanarudi nyuma, mwanamke anabaki mchangani.

Piga wakati maji yanajaa, kisha ichezeshe video kinyumenyume kwenye programu ya kuhariri. Bahari itaonekana inamwacha. Simu ikae chini, kimo cha goti, fremu 60 kwa sekunde. Mwigizaji alale tuli sekunde 20. Akitembea, nyayo zitajifuta zenyewe na ujanja umefichuka, kwa hiyo kuinuka kwake kupige katika shoti nyingine, isiyochezeshwa kinyumenyume.

Wengi huharibu hapa: kamera ikianza kumpapasa nyonga na kifua, nguva kwisha, limebaki tangazo la hoteli. Deren, aliyeigiza mwenyewe, kamera yake hubaki kwenye macho na mikono. Anapanda gogo, kichwa kikichomoza kumbe ni meza ya karamu, na walioketi hawamwoni! Nguva wako naye awe na kitu anachokitazama. Leso ikilowa hushika mwili. Mvishe kitambaa kizito.