Unaanza mpira wa meza hapa Chuga? Anza na sevu

Wadogo zangu mnaoanza mpira wa meza hapa Arusha, karibu wote mnakuja na kitu kimoja kichwani, smashi, lile pigo la nguvu la kumaliza pointi. Iacheni kwanza. Jifunzeni kusevu, yaani kupiga ule mpira wa kwanza wa kuanzisha pointi, maana sevu ndo mpira pekee ambao hakuna mtu anakuharakisha, unao mkononi na unaamua mwenyewe uende wapi uzunguke vipi, na mazoezi yake unafanya hata kama mwenzako hajafika.

Ila sevu kihalali toka siku ya kwanza. Mpira ukae kwenye kiganja kilicho wazi, urushe juu wima angalau sentimita 16, upige ukiwa unashuka, nyuma ya mstari wa mwisho wa meza, na usiufiche kwa mkono wala mwili. Mtaani wengi wanaupiga ukitoka tu mkononi na hakuna anayesema kitu, siku ukienda mashindano refa anampa mwenzako pointi, na gemu siku hizi ni pointi 11 sio 21 kama wazee walivyocheza kabla ya 2001, kwa hiyo pointi mbili tatu za bure zinauma sana.

Halafu spini, yaani mzunguko wa mpira. Mpira uliokatwa kwa chini ukiupokea na raketi iliyosimama unaishia kwenye neti, lalisha raketi kidogo uso uangalie juu, sukuma mbele. Topspini, yaani mpira uliosuguliwa kwenda juu, ni kinyume chake, inamisha raketi uso uangalie chini la sivyo mpira unapaa nje ya meza. Na usikodolee mpira tu, angalia raketi ya mwenzako imeugusa ikiwa inaenda juu au chini, hapo ndo kazi ilipo na itakuchukua miezi, usikate tamaa.

Vumbi letu la kiangazi nalo linaua raba ya raketi, ikishachafuka haishiki mpira tena, ifute na sponji yenye maji kidogo ukimaliza kucheza. Meza ikiwa nje wahini kabla upepo haujaanza, mpira wenyewe gramu 2.7 tu.

Kama hamna meza, changeni mpeni fundi seremala vipimo kamili: urefu mita 2.74, upana mita 1.525, kimo sentimita 76. Neti kimo chake sentimita 15.25, na hiyo mpime wenyewe kila mnapofunga, maana ikilegea katikati mtazoea kupitisha mipira ambayo kwenye meza ya watu itagonga neti yote.