Bunduki Ileile, Bei Mbili

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mlenga shabaha, huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye trapu, mchezo wa kupiga sahani zinazorushwa hewani. Juzi nilisafiri kwenda mashindano ya nje, nikapangwa mstari mmoja na kijana mwenye bunduki kama yangu: kiwanda kimoja, toleo lilelile, hata urefu wa mitutu ni mmoja. Tukaulizana bei. Yeye kalipa kama nusu ya nilicholipa mimi. Tangu nirudi sina raha. Niliibiwa dukani? Na kama si wizi, hiyo nusu nyingine ilikwenda wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenye duka wako mweke pembeni kwanza, tutamfikia.

Mimi bunduki sijawahi kuiuza. Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa karatasi: kuandika maombi ya vibali, kufuatilia mizigo ya vilabu vya shabaha, kufungua makasha mbele ya ofisa wa forodha na kusoma namba kwa sauti. Kwa hiyo nitakujibu kwa upande ninaoujua.

Chukua bunduki iliyotoka kiwandani kwa 100. Sitaji sarafu, weka unayoitaka. Nchi ya kwanza iko jirani na kiwanda au ina mkataba nacho wa kutotozana ushuru. Usafiri unakula 3, muuzaji anaongeza asilimia 20 kwa sababu bidhaa inatoka haraka, na kodi ya mauzo ni asilimia 6. Mteja analipa 131. Nchi ya pili iko mbali. Usafiri na bima 15, tumefika 115. Ushuru wa forodha asilimia 20, tena unatozwa juu ya hiyo 115, usafiri ukiwemo: 138. Mwagizaji na mwenye duka wanaongeza asilimia 40 kwa pamoja: 193. Halafu VAT ya asilimia 20 inakuja mwisho na kukaa juu ya vyote, ushuru umo, faida imo, hata bima ya meli imo. Mteja analipa 232. Hapo hakuna aliyeiba. Kila mmoja amekata asilimia yake juu ya asilimia ya mwenzake.

Viwango hivyo nimevibuni ili hesabu ionekane, lakini vya kweli haviko mbali sana. VAT ya Hungary ni asilimia 27, ya Denmark 25, ya Italia 22. Hata anayeishi ng'ambo ya barabara na kiwanda cha Beretta pale Gardone Val Trompia analipa hiyo 22, wakati bunduki inayosafirishwa nje inaondoka bila VAT ya Italia. Marekani hakuna VAT. Kuna kodi ya mauzo ya kila jimbo, na baadhi ya majimbo hayana kabisa. Watu wengi huishia hapo wakadhani Marekani bunduki haitozwi. Inatozwa, ila mteja haioni kwenye risiti: sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 inamdai mtengenezaji au mwagizaji asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, asilimia 10 kwa bastola, na fedha hizo huenda kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Na mwaka 2025 Marekani ilipandisha pia ushuru kwa bidhaa za Ulaya na Japani. Pamoja na hayo yote, bei zao bado ziko chini.

Kwa nini? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, maana kodi kila mtu anaijua. Kitu kinachopandisha bei kuliko wengi wanavyodhani ni uchache wa wanunuzi.

Nikupe kisa. Niliwahi kupokea kasha la bunduki nne za wanariadha wa klabu moja. Tulilifungua kwenye chumba kisicho na dirisha. Mimi nasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, ofisa anafuata kwa kidole kwenye kibali. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu nikasoma, kidole kikasimama. Kwenye chuma mwisho ni 8, kwenye kibali ni 3. Nikafuta mafuta ya kuzuia kutu kwa kitambaa, nikamulika na tochi, nikaitazama ile 8 kwa muda mrefu nikitamani igeuke 3. Haikugeuka. Karani wa muuzaji huko ilikotoka alikosea kuandika orodha, na kibali kilinakiliwa kutoka kwenye orodha yake. Kwa kuwa bunduki zote nne zilikuwa kwenye kibali kimoja, zote zikarudishwa kwenye ghala lenye mlinzi. Wiki saba. Tozo za ghala peke yake zilizidi gharama ya kuzileta kwa ndege.

Bili ile iligawanywa kwa watu wanne. Wangekuwa arobaini kwenye shehena hiyohiyo, kila mmoja angenung'unika siku moja na kusahau. Na hata mambo yasipoharibika, ni vilevile: kibali cha kuingiza, hati ya mtumiaji wa mwisho inayodaiwa na nchi inayouza, leseni ya kutoa nje, wakala wa forodha, gari lenye ulinzi. Karatasi ya bunduki moja na karatasi ya bunduki mia zina kurasa karibu sawa.

Sasa linganisha masoko. Taasisi ya Small Arms Survey ilikadiria kwamba mwishoni mwa 2017 raia duniani walikuwa na silaha milioni 857, na milioni 393 kati ya hizo zilikuwa Marekani. Anayepeleka bunduki huko anapeleka kontena, na gharama ya makaratasi kwa kila moja inakuwa punje. Anayepeleka nchi yenye walengaji mia mbili anapeleka makasha mawili kwa mwaka. Mwenye duka huko anaagiza bunduki asiyojua itanunuliwa lini, anailipia kwanza, anaifungia kwenye sefu, anaikatia bima, anakaguliwa. Inaweza kukaa miezi ishirini ikimtazama. Ile asilimia 40 uliyoionea uchungu ndiyo kodi ya pango ya hiyo miezi. Namtetea mwenye duka, naam, ingawa nimewahi kukutana na wachache ambao singewatetea.

Kuna jambo la wakala pekee pia. Kiwanda cha Miroku cha kule Kochi, Japani, kinaiundia kampuni ya Browning bunduki zenye mitutu miwili ya juu na chini. Zinazokwenda Marekani huitwa Citori, za Ulaya huitwa B525. Mafundi ni walewale, lakini majina tofauti yana wasambazaji tofauti, na kila msambazaji ana eneo lake na orodha yake ya bei. Msambazaji akiwa mmoja nchi nzima, nani atamlazimisha kushusha?

Sheria nayo inachagua sokoni kabla yako. Australia ilipokubaliana na majimbo yake mwaka 1996, bunduki za marisawa (kama yako, zinazofyatua chembe nyingi ndogo) zinazojipakia zenyewe ziliwekwa kwenye kundi gumu kulipata, na walengaji wengi wakabaki na mitutu miwili. Toleo linalouzwa kwa wingi mahali fulani, na kwa hiyo kwa bei nafuu, linaweza kuwa halina mnunuzi kabisa mahali pengine.

Halafu kuna muhuri. Ukivua kishikio cha mbele cha bunduki yako ukaigeuza, chini ya mitutu utaona alama ndogondogo zilizogongwa: kipenyo, urefu wa chemba (pale risasi inapokaa) kwa milimita, 70 au 76, na kama ni ya Italia, herufi mbili ndani ya kisanduku zinazotaja mwaka. Hizo ni alama za kituo cha kujaribia mitutu. Nchi zilizo kwenye CIP, mkataba wa kimataifa wa kujaribu silaha, haziruhusu bunduki kuuzwa kabla haijafyatuliwa risasi maalumu zenye nguvu kupita kawaida. Birmingham wana kituo chao tangu 1813. Marekani haimo kwenye mkataba huo, viwanda vyake vinafuata kwa hiari viwango vya SAAMI, chama chao wenyewe, hivyo bunduki yao ikiingia Uingereza lazima ipitie jaribio kwanza. Ada kwa bunduki moja si kubwa, ila ni safari nyingine, fomu nyingine na wiki nyingine.

Chuma chenyewe nimekiacha mwisho kwa makusudi. Mwaka 1526 Beretta waliliuzia ghala la silaha la Venezia mitutu 185 kwa dukati 296, yaani dukati moja na nusu na kidogo kwa mtutu, na bonde lile bado linaunda mitutu. Mshahara wa fundi wa Gardone haulingani na wa fundi wa Huğlu, kijiji cha wilaya ya Beyşehir huko Uturuki ambako mafundi walijiunga kwenye ushirika mwaka 1962. Lira ikishuka, bunduki ya Huğlu inazidi kuwa nafuu kwa mgeni. Baadhi zimeuzwa Marekani kwa jina la CZ, na wengi wanaozinunua huko hawajui kijiji hicho kipo.

Basi hukuibiwa. Ila mwombe mwenye duka akuonyeshe mchanganuo wa ushuru. Aliye safi huutoa bila kukunja uso.

SWALI: Mzee, kama ni hivyo, si ninunue tu nikiwa safarini huko iliko nafuu, nirudi nayo?

JIBU: Kila mwaka naulizwa hili. Muuzaji halali hatakukabidhi bunduki utoke nayo mlangoni kama mfuko wa viatu. Atadai kibali cha nchi yako cha kuiingiza, kisha ataomba leseni ya kuitoa kwao, na atataka kuikabidhi kwa mwenye leseni mwenzake upande wa pili. Ukifika nyumbani ushuru na VAT vinakusubiri, na sasa shehena yako ni ya mtu mmoja. Kumbuka wale wanne wa wiki saba. Wewe ungelipa bili yote peke yako. Kama mnajiamini, wekeni oda ya pamoja klabuni, watu kumi na wawili kwa kibali kimoja, na mmoja wenu asome namba mara tatu kabla kasha halijafungwa.

SWALI: Kuna bunduki ya mzee mmoja aliyefariki, familia yake inaiuza kwa bei ya kutupa. Mbona mpya ni ghali hivyo na hii ni rahisi hivi? Naogopa kuna kasoro.

JIBU: Huenda haina kasoro hata moja. Sheria ileile inayopandisha bei ya bunduki mpya ndiyo inayoiangusha ya zamani. Warithi wasio na leseni hawaruhusiwi kukaa nayo. Saa inawahesabia, wanunuzi wenye vibali ni wachache, na anayelazimika kuuza hapangi bei. Uingereza bunduki za zamani za mitutu iliyolala sambamba, za mafundi wasio na jina kubwa, huenda kwa bei ambayo mbao ya kitako peke yake ingeizidi. Japani ndiko mfano ulio wazi zaidi: kila bunduki ina kibali chake, na anayetaka raifo ya kuwindia kwa kawaida sharti awe amemiliki ya marisawa kwa miaka 10 kwanza. Wazee wanaacha mchezo kuliko vijana wanaoingia, na maduka yanajaa bunduki nzuri zisizo na wa kuzichukua. Nchi iliyo na Miroku!

Ipeleke kwa fundi kabla ya kulipa. Akague kama mitutu ina mbonyeo, kama kifungio kimelegea, na apime chemba. Bunduki nyingi za zamani zina chemba ya milimita 65, na risasi ya 70 inaingia humo bila kukuonya, kwa sababu urefu wa 70 ni wa ganda likiwa limekwisha kufyatuliwa na kufunguka.

SWALI: Kwa nini hata risasi ni ghali? Hizo si ndogo?

JIBU: Ndogo lakini nzito, na kwa msafirishaji ni mlipuko. Boksi la risasi 250 za gramu 24, zile za Olimpiki, lina karibu kilo 10, na linasafiri kama bidhaa ya hatari daraja la 1.4S. Kwenye ndege abiria kwa kawaida anaruhusiwa kilo 5, tena shirika likikubali. Hizo ni kama risasi 120 ukihesabu na boksi lake. Mchujo wa trapu una sahani 125, na kila sahani unaruhusiwa kuipiga mara mbili. Fanya hesabu, halafu umuulize mwandaaji wa mashindano anauza risasi gani uwanjani.