Msasa, mkeka na hasira za mwalimu: maswali yenu kuhusu Montessori

P.1 (darasa la kwanza) yangu ina watoto 70 na sina kifaa hata kimoja. Njia hii si ya shule za matajiri? (Mwalimu, Jinja)

Shule ya kwanza ya Maria Montessori, daktari Mwitalia aliyeanzisha njia hii ya mtoto kujifunza kwa kushika na kutenda mwenyewe, ilifunguliwa Roma tarehe 6 Januari 1907, katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo. Pesa si kikwazo chako, mwalimu. Wingi ndio kikwazo. Usigeuze darasa zima kwa siku moja. Keti mkekani na wanane kwa dakika 20 huku wengine wakiandika, kesho wanane wengine. Kila mtoto atakufikia mara moja katika siku tisa za shule. Anza na kumimina maji na kuchambua maharage (yahesabu kabla na baada, kwani huishia puani).

Herufi za msasa hutengenezwaje? (Mwenye nasari, Masaka)

Kata herufi ndogo kwenye msasa namba 120, uzibandike kwenye kadi ngumu: irabu kadi za buluu, konsonanti za waridi. Msasa wa namba 60 hukwaruza vidole, na ulio laini mno mtoto hausikii. Apapase kwa kidole cha shahada na cha kati, akifuata mwendo wa kuandika, huku akitamka sauti: “mmm”, wala si “ema”. Tumia lugha anayoongea nyumbani.

Fundisha herufi mbili au tatu kwa hatua tatu. Kwanza unataja: “Hii ni mmm.” Kisha unaagiza: “Nipe mmm, iweke dirishani.” Mwisho unauliza: “Hii ni ipi?” Walimu wengi hurukia swali la mwisho, na hapo ndipo mtoto huanza kubahatisha. Hatua ya pili ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Akikwama kwenye ya tatu, rudi ya pili bila kusema amekosea, au funga somo hadi kesho. Usianze na herufi zinazofanana, kama m na n. Kwa Kiganda tenga pia l na r: irabu inayotangulia ndiyo huamua ipi iandikwe, na hata wakubwa huzichanganya.

Mnasema mwalimu ajiandae moyoni. Ni dini hiyo? (Mwalimu, Mbale)

Hapana, ni kujichunguza kabla ya kumfundisha mtoto. Montessori alitaja maovu mawili ya mtu mzima mbele ya mtoto: hasira na kiburi. Yote mawili hujificha, maana darasani hakuna wa kukujibu. Njia ya kuyafukua ni daftari. Kila siku kaa kimya dakika 10 ukimtazama mtoto mmoja, uandike ulichoona tu: “Amemwaga mara tatu, amefuta, amerudia.” Ukijikuta umeandika “mtundu” au “mvivu”, ikate, hiyo ni habari yako, si yake. Wiki ya kwanza mkono utakuwasha kumsaidia. Uzuie. Anayefunguliwa kifungo kila mara hajifunzi kufungua, na mara nyingi haraka ilikuwa yetu sisi.

Na kiboko? (Mzazi, Kampala)

Sheria ya Watoto ya Uganda iliyorekebishwa 2016 imekipiga marufuku shuleni. Mtoto akivuruga, mketishe karibu nawe, umpe kazi ya mikono.

Mwanangu anatoka nasari ya Montessori kwenda P.1 ya kawaida. Atapotea? (Mama, Arua)

Kusoma hakutamsumbua, mama. Kitakachomsumbua ni kungoja zamu na kunakili kutoka ubaoni, kwa kuwa amezoea kazi iliyo mbele yake mkekani. Muhula wa mwisho mwandikie sentensi mbili ukutani kila jioni, azinakili ameketi mezani.